Ganzi ya Kinyozi

“Fumba macho, baba. Nikikuuliza, niambie kama unasikia.”

Kinyozi akafumba macho. Mtaalamu wa tiba ya viungo, binti wa rika la kitindamimba wake, akamgusa ncha ya kidole gumba kwa uzi mwembamba mgumu.

“Hapa?”

“Hapana, mwanangu. Ganzi tupu.”

Mwaka ulikuwa unakaribia kuisha tangu kioo cha kinyozini kianguke na kumchana kifundo cha mkono. Mshipa wa fahamu ulikatika, daktari wa upasuaji akauunga. Vidole vilishaanza kukunjika, hata mkasi aliweza kuushika. Ila mkasi kwenye vidole visivyosikia ni balaa.

“Nitarudi nyumbani na sikio la mteja mfukoni,” alizoea kutania, binti akaangua kicheko.

Nyumbani hapakuwa na wa kucheka. Mkewe alishatangulia mbele ya haki. Watoto walikuwa mbali, sauti tu kwenye simu. Tangu afungwe ule mkono, hata majirani walimpungia kwa mbali, wakiogopa kumtonesha. Yeye aliyeshika vichwa vya watu maisha yake yote, sasa wiki nzima ilipita hajaguswa na mtu.

Isipokuwa Alhamisi. Alhamisi alioga mapema, akavaa shati lililonyooka pasi. Kila baada ya kipimo, binti alimpaka mafuta kwenye kovu, akamkanda kiganja, kidole kimoja kimoja, huku akimsimulia vituko vya wanawe.

Leo hakusimulia kitu.

“Baba, daktari anasema kama husikii mpaka sasa, basi mshipa haukuunga. Itabidi upasuliwe tena, wachukue mwingine mguuni wakupandikize. Na unaweza usishike. Lakini ukisikia walau kidogo, leo hii nakuruhusu urudi kazini, na kliniki inaishia hapa.”

“Tupime tena,” kinyozi akasema.

Akafumba macho.

“Kidole cha shahada?”

“Hapana.”

“Gumba?”

“Hapana.”

Binti akamtazama usoni kwa muda. Kisha, bila kutamka neno, akaushusha uzi taratibu kwenye ncha ya kidole cha kati.

“Hapana,” akasema kinyozi.

“Baba,” binti akasema polepole, “sijakuuliza.”