Upepo Uliotukanwa

Upepo ulipolibwaga shuka jeupe matopeni, dobi aliutukana kama kawaida yake, akaingia ndani kupiga pasi nguo zilizokwisha kukauka.

"Washa sasa hivi, mama, bei imeshuka," mke wa mwanawe alimwambia, macho kwenye simu. "Siku hizi bei ya umeme inabadilika kila saa."

"Nani kaishusha?"

"Huohuo upepo unaoutukana. Ukivuma sana, yale mapangaboi ya mlimani yanazunguka, umeme unakuwa wa kumwaga."

Dobi aliwasha pasi. Alilamba kidole, akaigusa. Chsss! Mwili ukamsisimka: kumbe upepo umo humu!

Bibi huyo, anayeamkiwa na mtaa mzima, alitoka nje taratibu, kitambaa kikimpepea kichwani.

"Shikamoo," akauambia upepo.