Kaboni ya Shamba la Boaz

Kwa miezi saba sasa Boaz alikuwa haitikii shikamoo ya Ghati, mlinzi wa kiwanda. Kila akipita langoni alitema mate karibu na buti za mlinzi huyo, akaenda zake.

Leo alisimama. Mkononi alikuwa na spana kubwa.

"Fungua. Humo ndani ni shamba langu."

"Ulishalipwa, baba. Rudi nyumbani."

Nyumbani kwa nani? Philomena, mkewe, alifungasha vyake na kurudi kwa kaka zake Runzewe siku ileile trekta la kiwanda cha chokaa lilipofyeka pamba yao. Alisema hawezi kuishi na mwanaume anayetia sahihi bila kuuliza. Boaz aliapa kumrudisha, tena kwa kishindo, ndani ya nyumba ya bati jipya.

Maana siku ya mkutano wa kijiji injinia wa kiwanda alitamka mwenyewe: "Hapa tutahifadhi kaboni. Maelfu ya tani, chini kabisa." Wanakijiji wengine walipiga miayo. Boaz alitokwa jasho. Alikuwa amefanya kazi miaka minne kwenye mitambo ya kuchenjua dhahabu pale Kharumwa, na kaboni aliijua vizuri: zile punje nyeusi zinazonyonya dhahabu ndani ya matangi. Kuna watu walifungwa jela kwa kuiba kilo mbili tu. Hawa walikuwa na maelfu ya tani, tena chini ya pamba yake, washenzi wakubwa!

Dalili zote alizisoma. Bomba nene lilitoka kiwandani moja kwa moja hadi shambani. Walinzi walikesha. Na walijifanya wanachoma chokaa, wakati dohani la kiwanda halikutoa hata uzi wa moshi tangu Machi. Nani anachoma chokaa bila moshi?

"Hiyo kaboni mtaitoa lini?" aliuliza.

"Haitolewi. Itakaa humo milele."

"Nani anazika mali milele? Unanionaje wewe?"

"Mali gani, baba? Ukigusa kile kifuniko cha chemba ya bomba tunakufa wote wawili."

Kumtishia kifo kwenye shamba lake mwenyewe! Boaz alimsukuma, Ghati akaanguka chali, funguo zikamponyoka. Dakika mbili baadaye kifuniko cha chemba kilikuwa wazi na Boaz alikuwa anashuka ngazi. Ghati alijiinua, akatimua mbio kuelekea mlimani.

"Mlinzi gani anakimbia mwizi?" Boaz alimpigia kelele huku akicheka.

Chemba ilikuwa na kina cha watu wawili. Alilegeza nati ya kwanza, akalegeza ya pili. Bomba likafoka, baridi kali ikamvamia miguuni. Hakuogopa. Hewa hutangulia, mzigo unafuata, ndivyo alivyojiambia. Akatandaza kiroba chini ya bomba, akawasha njiti ya kiberiti ili azione punje zikimwagika.

Ikazimika. Ya pili ikazimika kabla haijafika magotini. Ya tatu haikuwaka kabisa.

Boaz akainua uso kutafuta pumzi. Kwenye kipande cha anga juu ya ngazi lilionekana dohani la kiwanda, safi kabisa, na ndipo alipojua moshi wote wa tangu Machi ulikuwa umewekwa wapi.