Kioo cha Inchi Thelathini na Mbili

Mwalimu Haidari alikuwa amepima meza yake kwa shibiri. "Shibiri tatu, isizidi," alimwambia Kombo, muuzaji wa kompyuta. Kombo akamweleza kwamba vioo vya kompyuta hupimwa kwa inchi, pembe hadi pembe, kisha akachomeka flashi ya mwalimu na kumfungulia kitabu anachokiandika kwa mwaka wa sita sasa.

Kwenye kioo cha inchi ishirini na mbili, mwalimu aliinama mpaka pua ikagusa. "Herufi zinacheza." Kwenye ishirini na saba nazo zilicheza.

"Niwekee kile kikubwa kabisa, mwanangu."

"Hakitaenea mezani," alinong'ona mkewe, Bi Mwatima.

"Meza tutabadilisha."

Kombo akakiweka kile cha thelathini na mbili mbele yake. Mwalimu akasogeza kiti, akaanza kusoma kwa sauti yake ya darasani, ukurasa wa kwanza wote bila kukwama.

"Hiki ndicho! Nilikwambia, mke wangu, macho yangu mazima. Kioo ndicho kilikuwa kidogo."

Bi Mwatima akamtazama Kombo. Waya wa kile kioo ulikuwa bado mkononi mwa kijana, haujachomekwa. Kioo kilikuwa cheusi ti.

Kombo akafungua kinywa. Bi Mwatima akatikisa kichwa.

"Tufungie hicho hicho," alisema.

Mwalimu alikuwa ameshaanza kukipima, shibiri kwa shibiri, akihesabu kwa furaha. Akafika ukingoni, akaupita, na vidole vyake vikaendelea kupima hewa.