Daftari la Getini

"Shikamoo mzee. Jina lako halipo kwenye orodha," mlinzi akaniambia.

Juu, ghorofa ya tatu, walikuwa wanafanya arobaini ya Sumari wangu. Jengo lenyewe limesimama hapa Themi palipokuwa na chumba chetu. Wakubwa walitoa kibali wakiwa ofisini kwao, sisi wakatupa siku saba za kuhama.

Hao walioko juu nawajua. Zamani walikuwa wanajificha kwetu, tunakula loshoro sufuria moja. Sasa wana pesa, na siri yao ina ukuta na geti. Yangu haina.

Mlinzi akapiga simu, akanitaja. Akaiweka kwenye spika. Halafu nikaisikia sauti ya mtu aliyelala miezi miwili kwenye mkeka wetu.

"Simfahamu. Marafiki wote wako kwenye orodha. Kama ni ndugu wa marehemu, arudi kwao."

Mlinzi akaona haya. "Sasa mzee wangu, wewe ni nani wake? Jaza hapo."

Kalamu ilifungwa kwenye daftari kwa kamba fupi, ikabidi niiname. Safu ya mwisho ilikuwa ya uhusiano. Juu yangu wote walikuwa wameandika rafiki, rafiki, rafiki, kwa mwandiko wa watu waliosoma.

Miaka kumi na tisa mtaani nilisema ni kaka yangu. Hata kaburini nilisimama nyuma, na majirani.

Mimi niliishia darasa la nne, naandika polepole. Nikaandika: mume wangu.

Mlinzi akaligeuza daftari upande wake, akaanza kusoma.