Miguu ya Adrienne

Mchana kweupe, Emile alikuta mlango wake umefungwa kwa ndani, na ndani kuna sauti ya mwanamume.

Hakuna aliyemtazamia siku hiyo. Alikuwa dereva wa treni ya Kabalo, akilala njiani zaidi kuliko nyumbani. Lakini asubuhi ile reli ilikatwa karibu na Niemba, treni yake ikarudishwa nyumbani Albertville.

Sauti aliitambua: Kizito, muuguzi wa dispanseri.

Tangu mvua zikatike, Adrienne, mkewe, alikuwa haachi kwenda kwa Kizito. Miguu na mikono inawaka kama imepakwa pilipili, alisema. Ugonjwa wa nadra. Mji mzima Kizito hajauona kwa mwingine. Alimpa aspirini, akamwambia atumie maji ya baridi.

"Pole," Emile alimwambia mara ya mwisho alipokuwa nyumbani.

"Nitapona tu," Adrienne alijibu, akipuliza makaa chini ya sufuria ya bukari, ugali wa jioni.

Mama Florentine, mama yake Emile aliyeishi nao, hakuwa na huruma. "Ni uvivu!" alipaza sauti hadi majirani wakasikia. "Wanawake wa siku hizi! Mimi na uzee wangu, sijamezaka hata kidonge kimoja."

Basile, jirani yao, ndiye aliyemtia Emile sumu. "Papa Emile, mugonjwa gani anaendaka kwa dawa akiimba?"

Sasa Emile alisimama mlangoni. Mama yake, aliamini, yuko sokoni akiuza ndagala, dagaa wa ziwani. Basi ndani walikuwa Adrienne na Kizito peke yao.

Akasikia kicheko cha Adrienne. "Polepole, Papa Kizito! Majirani watasikia."

Emile alimpenda mwanamke yule. Ndiyo maana hakubisha hodi. Aliupiga mlango bega, komeo likang'oka, akaingia na ngumi juu.

Kizito alikuwa amesimama na ndoo ya maji ya ziwa. Adrienne alikuwa amechuchumaa sakafuni, anapepea kwa kawa. Mbele yao, kwenye kiti cha Emile mwenyewe, alikaa Mama Florentine, miguu yake imo ndani ya beseni, myekundu kama nyanya.

"Funga mulango, joto inaingia," alisema bila hata kugeuka. "Na watu wakiuliza, mugonjwa njo Adrienne, bibi yako."