Kidole cha Masalu

Ulimi wa Masalu ulikuwa umeshatoka nje ya mdomo, mnene, na bado ulizidi kuvimba.

"Amekula wapi huyu?" Mayige akafoka.

"Kwangu," akajibu shangazi yao, Nyanjige, bakuli la michembe bado mkononi. "Viazi vikavu, vilevile mlivyokula wote. Mpeleke hospitali, ng'wanawane, mwanangu, acha kelele!"

Kelele! Mayige damu ilimchemka. Tangu asubuhi ni yeye aliyemhangaikia kaka yake. Kichwa kilipomgonga shambani alimpa vidonge vyake mwenyewe vya presha, akamkalisha kivulini, akamalizia palizi ya pamba peke yake. Halafu anatokea huyu bibi na macho yake mekundu kama ya mchawi!

"Kaka, nani kakufanyia hivi? Nionyeshe!"

Masalu, kalala uani juu ya ngozi ya ng'ombe, akainua mkono, akanyoosha kidole. Mayige akageuka. Nyuma yake alisimama Nyanjige.

Basi, yakaisha. Akachomoa panga lililochomekwa kwenye nyasi za paa. Nyanjige akajikinga kwa bakuli. Bakuli likaruka, na vidole viwili pamoja nalo. Masalu akatikisa kichwa kwa nguvu, akikoroma, akipigapiga ngozi kwa kiganja.

"Tulia kaka, namalizana naye!"

Akakata tena, shingoni. Bibi wa watu akaanguka juu ya michembe yake. Majirani walifika wakauona ulimi wa Masalu, wakauona mwili wa Nyanjige, na mmoja akampa Mayige pole. Wakampakia mgonjwa kwenye pikipiki, Mayige akimshikilia kwa nyuma mpaka Bariadi mjini.

Daktari alimchoma sindano, akamwekea hewa.

"Amelishwa sumu na mchawi," Mayige akasema. "Lakini nimeshammaliza."

"Sumu gani?" daktari akashangaa. "Kuna dawa ya presha inayozuia homoni ya kubana mishipa ya damu. Wengi inawafaa, ila wachache inawavimbisha ulimi hivihivi." Akamwinamia mgonjwa. "Mzee, kuna mtu alikupa vidonge?"

Masalu alishindwa kusema. Machozi yakamtoka. Akainua mkono, akanyoosha kidole, vilevile kama pale uani.

Mayige akageuka upesi. Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu.