Unga wa Mlonge

Notburga alirudi kutoka misa ya kwanza akijua huenda akamkuta mwanambuzi wake amekufa.

Siku tisa alimchanganyia unga wa majani ya mlonge na chumvi kidogo kwenye pumba, na siku zote tisa mumewe alimcheka. "Mboga hiyo tungekula sisi," alisema. Pacha wa mwanambuzi huyo alishakufa kwa kuhara, na yeye mwenyewe tangu juzi alikuwa hasimami.

Alipokaribia banda alisikia sauti ya mumewe, ya chini, ya kubembeleza. Akachungulia.

Mzee alikuwa amepiga magoti kwenye samadi, na suruali yake ya kuendea misa ya pili, kiganja amekikunjua. Mwanambuzi alikuwa amesimama. Miguu ilimtetemeka, lakini alilamba ule unga wa kijani mpaka katikati ya vidole, na kila ulimi ulipopita mzee alicheka kama mtoto anayetekenywa.

"Kula, mama. Kula, bibi yako anarudi sasa hivi."

Notburga akakohoa. Mumewe hakugeuka.

"Chumvi unaweka kidogo mno," alisema. "Kalete nyingine, upesi."

Notburga akakimbilia jikoni, kitenge kikimdondoka njiani.